Diski Yako Inaitwaje? Mafunzo Niliyopata kwenye Meza ya Fundi

Anayepiga Windows huulizwa mengi. Lugha gani, kibodi gani, uko nchi gani, wifi ipi, akaunti ipi, nywila ipi. Hata kama anataka matangazo yamfuate huulizwa. Diski yake iitweje, hilo haulizwi hata mara moja. Kazi ikiisha anakuta "Local Disk (C:)", na kama diski iligawanywa, pembeni yake kuna "Local Disk" nyingine yenye herufi D. Wengi huishi hivyo mpaka kompyuta inakufa na wala hawapungukiwi kitu. Waliopungukiwa ndio wanaokuja kwangu.

Ninachozungumzia ni lebo, yaani lile jina linaloandikwa ndani ya diski yenyewe na kusafiri nayo popote inapochomekwa. Haya ni niliyojifunza kwa kufungua mashine za watu Kariakoo, ambako nyingi ya zinazotua mezani ni mtumba kutoka Dubai na Ulaya, na zimeshapitia mikono ya mafundi ambao hatutaonana nao.

1. Herufi C si jina

"Nimeweka kwenye D." Hakuna kauli ninayoisikia zaidi ya hiyo. Mteja anaamini D ni mahali. Kumbe herufi hiyo haimo ndani ya diski, bali hugawiwa na Windows ya kompyuta ile. Chomoa diski uichomeke kwenye mashine nyingine, itakuwa E au G kutegemea zipi zimetangulia kuchukua nafasi.

Utaratibu wenyewe ni wa kale. DOS iliurithi kutoka CP/M, na kwenye kompyuta za IBM herufi A na B zikawa za floppy. IBM ilipotoa PC XT mwaka 1983, ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, diski hiyo ikapewa herufi iliyofuata. Floppy zimeshazikwa, lakini C haijapanda cheo.

Udhaifu wa herufi unaonekana siku Windows imegoma kuwaka. Ukiingia sehemu ya ukarabati na kufungua dirisha jeusi la amri, unajikuta umesimama kwenye X, ambayo ni diski ya muda iliyotengenezwa ndani ya RAM. Ile C uliyoizoea wakati mwingine imekuwa D, kwa sababu patisheni ndogo ya kuwashia imehesabiwa kwanza. Anayefuata herufi hapo anaweza kufomati kitu asichokijua. Mimi huandika diskpart, kisha list volume, likaja jedwali lenye namba, herufi, lebo, aina na ukubwa. Safu ya herufi siiamini. Ya lebo naiamini, ilimradi kuna mtu aliijaza.

2. Jina liandikwe kabla ya kupiga mfumo

Kama msomaji ana muda wa funzo moja tu, basi asome hili.

Skrini ya kuchagua pa kupiga Windows haionyeshi herufi kabisa. Inaonyesha "Drive 0 Partition 1", "Drive 0 Partition 2", "Drive 0 Partition 3", au neno Disk badala ya Drive kulingana na toleo, pamoja na ukubwa, nafasi iliyobaki na aina. Basi. Patisheni ikiwa na lebo, lebo huandikwa pale pale baada ya nukta pacha. Isipokuwa nayo, unabaki na namba.

Alikuja mama mmoja mwenye duka la steshenari na kompyuta yake ya mezani iliyokuwa ikizima na kujiwasha yenyewe.

"Fundi, nipigie Windows, ila mafaili yangu yasiguswe."

"Sawa mama. Yako wapi?"

"Si humo humo!"

Diski ilikuwa ya GB 500, ambayo Windows huionyesha kuwa 465 na ushee, kwani kiwanda huhesabu kwa elfu na Windows huhesabu kwa 1024. Aliyeigawa zamani aliikata katikati, 232 huku na 232 huku. Kijana anayejifunza kazi kwangu akachomeka flashi, akafika kwenye orodha, akasimama. Mistari miwili ya ukubwa ule ule. Nafasi iliyobaki haikumwambia kitu, maana pande zote mbili zilikuwa zimejaa karibu sawa. Kilichomtoa pale ni neno moja mwishoni mwa mstari wa chini: "Drive 0 Partition 3: HESABU". Mama mwenyewe hakujua limetoka wapi. Labda ni fundi wa zamani, labda ni mpwa aliyewahi kumsaidia dukani. Kijana akachagua Partition 2, akaifomati, akaendelea na kazi, na mama akarudishiwa hesabu zake zote.

Sasa chukua mashine ile ile bila neno lile. Njia ipo, ila ni ndefu. Ukiwa kwenye skrini ya usakinishaji bonyeza Shift na F10 kwa pamoja (baadhi ya kompyuta mpakato zinataka na Fn), litafunguka dirisha la amri. Andika dir na herufi ya kila patisheni, moja baada ya nyingine, mpaka uone folda unazozijua. Anayechoshwa na amri aandike notepad, aende File kisha Open, avinjari humo kwa kipanya. Ukishaijua patisheni ya faili, andika ukubwa na namba yake kwenye karatasi kabla ya kurudi kwenye orodha. Usiishike kichwani, maana mteja atakusemesha.

Ila kama Windows ya zamani bado inawaka, hata kwa kusuasua, usifike huko. Fungua File Explorer, bofya diski ya faili, bonyeza F2, andika jina, bonyeza Enter. Diski ya C itakuomba ruhusa ya msimamizi. Kazi ya nusu dakika.

3. Hesabu herufi zako, na neno kuu litangulie

Kila mfumo wa faili una kipimo chake. FAT32 na exFAT, ambazo ndizo zilizo kwenye flashi na kadi nyingi, zinakubali herufi 11, nafasi tupu zikihesabiwa. NTFS inakubali 32. Ext4 ya Linux inakubali 16. Kwenye Mac unaweza kuandika sentensi nzima ukitaka.

Kwa hiyo "PICHA ZA HARUSI", lenye herufi 15, linakaa vizuri kwenye NTFS na linaenea kwenye ext4, lakini flashi ya FAT32 inalikataa. FAT32 haitaki pia nukta, koma, mkwaju, nyota wala alama ya kuuliza, kwa hiyo tarehe ya aina ya 12/8 haipiti. Herufi ndogo nazo huzigeuza kuwa kubwa. Kiswahili kinatupa nafuu kidogo hapa, kwa kuwa hatuna herufi zenye vikofia wala vitone vya kuharibika tukitoka Windows kwenda Linux. Shida yetu ni urefu tu.

Hata ukiwa na nafasi ya herufi 32, kuna mtego. Lile jedwali la diskpart huonyesha herufi 11 za mwanzo na kukata zilizobaki. Patisheni ambayo Windows yenyewe huiita "System Reserved" hutokea humo kama "System Rese". Shule moja ilinipa kompyuta yenye patisheni mbili, "MITIHANI KIDATO CHA PILI" na "MITIHANI KIDATO CHA NNE". Kwenye jedwali zote mbili zilisomeka "MITIHANI KI". Aliyezipa majina hayo alikuwa mtu makini kuliko wengi ninaokutana nao, na bado jedwali lilimwangusha. Tukageuza: "PILI MITIHANI" na "NNE MITIHANI". Kinachotofautisha kinatangulia, kinachofanana kinafuata.

4. "DATA", "MPYA" na "BACKUP" hayatoshi

Hapa najua mafundi wenzangu watanuna. Fundi anayegawa kila diski mara mbili na kuandika DATA upande wa pili amefanya nusu ya kazi. Nikiwa na diski za wateja wawili mezani, zote zimechomekwa kwenye mashine moja kwa ajili ya kunakili, naona DATA na DATA. Linux ikikutana na hali hiyo huongeza namba kwa ile ya pili, ikawa DATA na DATA1, na namba hiyo hutegemea tu ipi imetangulia kuchomekwa. Kesho zitabadilishana.

"MPYA" inazeeka. "BACKUP" mara nyingi huwa ndiyo nakala pekee iliyobaki, kwa hiyo jina linampa mtu ujasiri wa kuifuta akidhani asilia ipo mahali.

Studio moja ya picha za harusi ilikuwa na diski mbili za nje za TB 1, rangi moja, kiwanda kimoja, zote zikionyesha GB 931 na zote zikibeba jina la kiwanda kama zilivyotoka kwenye boksi. Mhariri alikuwa akimwambia mwenzake "ipo kwenye ile nyeusi." Zote zilikuwa nyeusi. Mwenye studio alipendekeza tuziite KWANZA na PILI, nikamwomba asifanye hivyo: ile ya kwanza ikifa, akinunua nyingine, hiyo mpya itaitwaje? Tukakubaliana "HARUSI 2022" na "NAKALA 2022". Hesabu mwenyewe, kila moja ni herufi 11 kamili. Mwaka wa kazi ukiisha, jozi inawekwa kabatini, inafunguliwa jozi nyingine.

Mwaka kwenye diski ya kumbukumbu una maana. Toleo la mfumo kwenye diski ya C halina. Baada ya Microsoft kusitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nimepokea kompyuta zenye C iitwayo "WIN10" huku ndani yake kuna Windows 11, kwa kuwa kupandisha toleo hakugusi lebo. Mimi C huiita MFUMO, na upande wa faili nauita kwa kazi ya mwenyewe: "DUKA HESABU", "THESIS", "KWAYA".

Mtumba, kwa njia, huja na majina yake. Ukikuta "OSDisk", mara nyingi mashine ilitoka ofisi kubwa ambako idara ya TEHAMA ilikuwa ikisakinisha kompyuta kwa mkupuo. Ukikuta "OS" au "Acer", huo mara nyingi ni usakinishaji wa kiwandani ambao haujaguswa, na pengine patisheni ya kurejeshea hali ya awali bado ipo. Kabla sijafuta chochote huwa naangalia hilo kwanza.

5. Jina ni kufuli, ingawa jepesi

Watu wa dirisha jeusi wanalijua hili. Ukiandika format na herufi ya diski, Windows hukuuliza lebo ya sasa ya diski hiyo kabla haijaendelea. Ukiikosea, inakataa. Diski isiyo na jina inafunguka kwa Enter tu, unabaki na swali la ndiyo au hapana, ambalo vidole vimeshazoea kujibu ndiyo.

Ukifomati kwa kubofya kwenye Explorer hakuna swali la lebo. Kwenye skrini ya usakinishaji pia hakuna. Kwa hiyo usilitegemee kama ulinzi, lichukulie kama sekunde mbili za kufikiri.

6. Kwenye Linux jina linafanya kazi, na kulibadilisha kuna gharama

Linux haina C wala D. Diski nyingi huitwa sda, sdb na kuendelea, kwa kufuata ipi imeonekana kwanza wakati mashine inawaka. Ongeza diski moja na sda ya jana yaweza kuwa sdb ya leo. Ndiyo sababu faili ya /etc/fstab, inayoiambia Linux ipachike patisheni gani kwenye folda gani, siku hizi hutumia UUID, mlolongo wa herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari vyake. Ubuntu huijaza yenyewe. Ukipenda unaweza kuandika LABEL=HESABU badala yake, na fundi atakayekuja baada yako ataelewa kwa kutazama tu.

Lakini lebo inayotegemewa isifanane na nyingine. Red Hat walilionja hilo zamani: kisakinishi chao kiliipa patisheni kuu lebo ya mkwaju mtupu, "/", na fstab ikaitafuta kwa lebo hiyo. Ukichukua diski ya seva moja na kuichomeka kwenye seva nyingine ya aina ile ile, mfumo unakuta "/" mbili na haujui uwake na ipi. Kwenye duka lenye seva moja usingeona tatizo. Kwenye chumba cha seva chenye diski zinazohamahama, ilikuwa kero ya kweli.

Kijana wa chuo aliniletea flashi ya Fedora akisema imeharibika. Ilikuwa nzima. Aliitengeneza kwa kunakili faili kwenye FAT32, halafu akaipa flashi jina lake mwenyewe isije ikapotea hosteli. Fedora ya kwenye flashi hujitafuta kwa lebo: mstari wa kuwashia unataja jina la diski ambamo mfumo mzima umo. Ikaanza kuwaka vizuri, kisha ikakaa kuisubiri diski ambayo haikuwepo tena kwa jina hilo. Nikasoma lebo iliyotajwa kwenye mstari ule, nikairudisha, ikawaka.

Jambo hilo hilo huwakuta watu wa redio na watengeneza video wanaoweka kazi kwenye diski ya nje. Kwenye Ubuntu diski hupachikwa chini ya /media kwa jina la mtumiaji na lebo, na kwenye Mac chini ya /Volumes. Orodha ya nyimbo inayotafuta /Volumes/MUZIKI haitaipata ukishaiita diski NYIMBO. Windows haina kero hiyo, kwa kuwa njia ya faili huanza na herufi. Hapo nakiri herufi ina kazi yake.

Na ukitumia GParted kugawa diski kabla ya kupiga Linux, utaona visanduku viwili vinavyofanana kazi, "Partition name" na "Label". Jaza cha pili. Cha kwanza huandikwa kwenye jedwali la patisheni, na Explorer ya Windows haitakuonyesha kilichomo.

7. Usiandike siri kwenye jina

Kila anayechomeka diski anaona lebo. "MISHAHARA" kwenye flashi iliyoachwa kwenye meza ya mapokezi ni mwaliko.

8. Unachokiona huenda si lebo

Faili ndogo ya autorun.inf, ikiwa kwenye flashi, inaweza kuiambia Windows ionyeshe jina na ikoni tofauti na za kweli. Kuna wanaoitumia kwa pambo tu, wakaweka nembo ya kampuni yao. Lakini wale wadudu wa "shortcut" waliosumbua flashi zetu wanapenda mchezo wa majina pia: faili zako wanazificha ndani ya folda yenye jina lisiloonekana, kisha wanaacha njia ya mkato inayoitwa jina lile lile la flashi yako. Unafungua flashi, unakuta ndani yake kuna flashi. Ukiibofya umewakaribisha. Ukiona jina la flashi yako ndani ya flashi yako, funga dirisha, usibofye, na usikubali ichomekwe kwenye kompyuta ya mtu mwingine mpaka isafishwe.

9. Jina hurudishwa, namba hairudi

Amri ya vol, ukiifuatisha na herufi ya diski, hutoa mistari miwili. Wa kwanza ni lebo. Wa pili ni namba ya mfululizo, tarakimu na herufi nane zenye kistari katikati. Namba hiyo hutengenezwa wakati wa kufomati kutokana na tarehe na saa. Badilisha jina upendavyo, namba itabaki. Fomati, namba itabadilika hata ukiandika jina lile lile.

Mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na kompyuta mpakato iliyokuwa imepelekwa kwa fundi mwingine. Upande wa faili ulikuwa mtupu.

"Shikamoo mwalimu. Wamesemaje?"

"Marahaba. Wanasema hawakuugusa. Na jina tazama, bado ni NYARAKA."

Jina lilikuwa lile lile kweli. Nikafungua daftari langu, kwa kuwa kila mashine inayopita mezani naandika lebo na namba ya kila patisheni. Namba haikuwa ile. Patisheni ilifomatiwa, kisha mtu akaandika NYARAKA upya. Sikumwambia aende kugombana, nilimwambia tuzime mashine mara moja. Bahati yake diski ilikuwa ya sahani za kuzunguka na fomati ilikuwa ya haraka, ambayo hufuta orodha ya faili na kuacha faili zenyewe. Ingekuwa SSD, Windows ingekuwa imeshaiamuru iachie nafasi yote na nisingekuwa na cha kutafuta. Nikachomoa diski, nikaiunganisha kwenye mashine nyingine bila kuandika chochote juu yake, nikaendesha programu ya kuokolea faili usiku kucha. Nyaraka nyingi zilitoka, bila folda zake, nyingine bila majina.

Sasa mteja akileta mashine namwita aje upande wangu wa meza, naandika vol mbele yake, naandika lebo na namba kwenye risiti yake na kwenye daftari langu. Akija kuchukua tunafanya hivyo tena kabla hajalipa. Wengine wanaona nawachelewesha, hasa wa Jumamosi mchana.